Kiwambo cha Nyuma

Hull, Januari, meza ya jikoni.
Kapsuli moja ya shaba, upana wa sarafu,
imewambwa pande mbili kama chapuo,
ngozi yake dhahabu, nyembamba kuliko ganda la kitunguu.
Maikrofoni za dukani huunganisha nyuma na mbele,
hutoa waya mmoja.
Mimi nimelehemu njia mbili,
kila uso na mlango wake.
Rezista moja niliiunguza, nikatukana kwa Kiingereza
ili mavyaa asielewe.

Bi Mwanahija akakaa mbele. Nilimwomba ahesabu
mpaka kumi, majaribio tu.
Yeye akataja watoto wake,
kuanzia waliokufa.
Boila ikinguruma ubavuni.

Usiku, vipokea sauti masikioni.
Mbele: yeye, kikohozi, majina.
Nyuma: mtu anapumua kwa pua,
kisha anayafuata majina kwa kunong'ona,
moja baada ya jingine, kama mwanafunzi wa chuoni.
Sikujua kwamba nilifumbua mdomo.

Nikajumlisha: jiko zima likarudi, boila na sisi.
Nikatoa (kutoa ni moyo, ati)
ubavuni kukafa, boila ikanyamaza,
tukabaki wawili, uso kwa uso,
mmoja wetu amepinduliwa.

Asubuhi nikammiminia chai.
Wiki tatu hatujasemezana
zaidi ya chumvi na shuka.
"Yule wa nne," nikasema, "sikumsikia vizuri."

Uongo.
Nilimsikia mara mbili.