Kilo za Umande

Ziara ya nne. Mwezi wa kumi na nane tangu ameze.
Kwenye karatasi zangu yeye ni sifuri kumi na saba,
lakini huku Kiko mtu haamkiwi kwa namba.
Nauliza empaako yake kana kwamba sijui.
Adyeeri, anajibu, kana kwamba sijawahi kuuliza.
Ananiita Atwoki. Ndipo tunaketi.

Swali la kwanza. Tangu siku ile ya dawa ya uyoga,
ulipolala kule mjini, saa sita, macho yamefungwa kitambaa,
muuguzi kakushika kiganja,
je, unayatazama maisha kwa namna nyingine?
Sifuri ni hapana kabisa. Tano ni mno.

Kabahenda alipima majani ya chai miaka ishirini na sita.
Anaijua mizani: ndoano yake, kutu yake, wizi wake.
"Kikapu cha alfajiri kina umande," anasema.
"Mchumaji anataka umande wake ulipwe.
Kiwanda kinataka kilo mbili zikatwe.
Mimi nilisimama katikati na penseli.
Sasa hiyo tano yako, Atwoki,
umande wake unakata kilo ngapi?"

Sina safu ya umande.

Usingizi? "Nalala." Naandika nne.
Umoja na viumbe vyote?
Anafikiri. Nguruwe anagugumia nyuma ya jiko.
"Siku hizi siwezi kuchinja kuku. Hilo limo?"
Halimo.
"Redio nimeizima, sauti yake inanikwaruza meno. Limo?"
Halimo, Adyeeri.
"Na mwezi wa Mei nilirudi kule kule chini.
Siku tisa. Sikuoga. Hukuja."

Mwezi wa Mei haukuwa na ziara.
Kwenye grafu, kati ya mwezi wa sita na wa kumi na mbili,
nimepiga mstari ulionyooka, kwa rula.

Siku ile uliona nini? Swali hili si la leo,
lilikwisha jibiwa na kufungwa. Nimelichomoa mwenyewe.
"Mizani tupu. Imening'inia, haina kikapu, haina mtu,
mshale umetulia. Nikacheka.
Yule binti akaandika kwamba nimecheka."
Ni kweli. Nimesoma: 11:42, mshiriki amecheka.

Ziara ya kwanza, gambuti za Mugenyi zilikuwa mlangoni,
zimepanguswa, ncha zikielekea nje,
vile vile tangu walipomtoa mtoni Mpanga.
Niliziruka kuingia. Ziara ya pili niliziruka.
Ya tatu sikumbuki, mvua ilinyesha, nilikuwa na haraka.
Leo zimelala ubavu, tope hadi kwenye kifundo,
na gazeti limechomoza ndani ya moja,
maana mguu wa mama ni mdogo.

Huzuni, wiki mbili zilizopita?
Anaziona ninavyoziona.
"Andika tatu," anasema. Kisha: "Hapana. Ngoja."
Tunangoja. Chai yangu inaota utando.
"Tatu. Lakini si ile tatu ya mwanzo."

Naandika tatu. Kompyuta ya ofisini
itaziweka tatu mbili kando kwa kando, itatoa moja kwa nyingine,
na itasema: sifuri.

Chini ya ukurasa wa sita pana mistari miwili ya maoni
ambayo hakuna anayeisoma.
Mwenye bodaboda anapiga honi barabarani.
Naandika nikiwa nimesimama, karatasi juu ya paja:
Gambuti, saizi nane. Zinavaliwa.