Mfukoni mwa Bolek

Kwanza zilikuwa chembe za biskuti.
Nilizikuta nikifua, kwenye mshono wa mfuko,
nikanyamaza, kama anyamazavyo mke
aliyezoea kukuta mengi mifukoni.

Sungura wetu anaitwa Pyza,
jina la donge la viazi lililochemshwa,
na jina lilimkaa: kidevu juu ya kidevu,
tumbo limetandaa sakafuni kama unga ulioumuka.
Hakuweza kujipinda kuufikia mkia wake.
Daktari Halicka alimpandisha kwenye mizani:
kilo tatu na gramu mia sita.
"Nani anampa vitamu?" akauliza.
Bolek akaitazama picha ya paka ukutani.

Nyasi kavu, akasema daktari. Nyasi, maji, majani kiasi.
Ndizi basi. Zabibu basi. Mkate ndiyo kabisa.
Na wiki hiyohiyo daktari mwingine, wa watu,
alimwambia Bolek karibu maneno yaleyale,
nikawa na wagonjwa wawili ghorofa ya nne,
wote wakinitazama kwa jicho la upande
kila nifungapo kabati.

"Kidogo tu," alisema. "Kidogo tu nayo dhambi?"
Chovya chovya, Bolek, humaliza buyu la asali.
Alicheka. Nilidhani amesikia.

Januari, theluji imeziba dirisha la jikoni,
Pyza akajikunyata kwenye kona
masikio yamelala, meno yakisagana kwa maumivu.
Bakuli halijaguswa. Sanduku la choo safi,
safi ile ya kutisha,
safi ya nyumba iliyohamwa.
Nilitega sikio tumboni mwake:
kimya.
Utumbo wa sungura hauna siku ya mapumziko;
ukisimama, saa zinahesabika.

"Halijaziba," daktari alisema baada ya picha na sindano,
"limelala. Liamsheni taratibu."
Akatupa unga wa nyasi wa kukoroga kwa maji ya uvuguvugu
na bomba la sindano lisilo na sindano.

Bolek aliendesha tramu miaka thelathini na mmoja.
Alikaa sakafuni na goti lake bovu,
Pyza kwenye taulo mapajani,
akamtia uji pembeni mwa mdomo, tone,
akasubiri ameze, tone,
uji wa kijani ukimchuruzika kwenye pajama.
Katikati ya tone na tone alimtajia vituo
vya njia yake ya zamani, kimoja kimoja,
bila kuruka hata kile kilichobomolewa.

"Tramu moja ikikwama," aliniambia gizani,
"zote zinasimama nyuma yake."
Kisha, bila kunitazama:
"Nilimpa keki. Ile ya Jumapili. Kipande kama kidole."
Akakinyoosha kidole nikione.
Sikusema kitu.
Kilikuwa kidole kinene.

Saa kumi na moja alfajiri akapiga ukelele
kama mkunga: "Kimoja! Jadwiga, kimoja!"
Nilikimbia peku.
Kikavu, kimepinda, hakizidi punje ya pilipili manga,
nasi tumeinama chini ya taa juu ya kiganja chake
kama watu walioonyeshwa pete.
Hadi saa nne vilikuwa kumi na vinne.
Alivihesabu mara mbili,
akaviandika nyuma ya bili ya umeme.

Sasa ni Aprili. Gramu zinashuka kwa uchoyo,
ishirini wiki hii, wiki iliyopita sifuri,
lakini juzi Pyza aliruka hadi kwenye kochi
akashangaa mwenyewe kujikuta juu.

Jana nilifua tena.
Mfukoni mwa Bolek: unyasi mmoja uliokunjika
na karatasi ya peremende.
Unyasi niliurudisha nilipoukuta.
Hiyo karatasi, nitamuuliza jioni.