Gari au Nyumba

Fomu ya bandari ya Sohar ina visanduku viwili tu:
gari, au mzigo.
Mahfudh akaishika kalamu
kama mtu anayeulizwa jina la mama yake mbele za watu.
"Nyumba hakuna?"
Yaarub, kijana wa forodha, akachungulia dirishani,
akaliona limesimama juani na mapazia yake ya kitenge,
ngazi mgongoni, tangi la maji tumboni.
"Lina choo?"
"Linacho."
"Hata hivyo andika gari, mzee.
Nyumba haina bima ya bahari."

Tuliliosha siku tatu.
Liendako hawataki udongo wa watu,
wala mbegu, wala mdudu aliyejikunyata kwenye jani.
Nikapitisha mswaki nyuma ya madigadi
na safari zetu zikaanza kutoka, moja moja:
mchanga mwekundu wa Sharqiya, usiku ule tulipokwama
akaja Bedui kutuchimbua, akacheka mpaka akakaa chini;
chumvi ya Barr al-Hikman, imeganda kama ugaga wa meno;
tope la Salalah, la mwaka tuliogombana
tukanyamaziana toka mlimani hadi Thumrait.
Miaka tisa ilishuka na maji ya mpira
ikaingia mfereji wa jirani.
Jirani akatoka na kanzu ameikunja:
tumemzibia.

Kisha, ndani lisiwe na kitu.
"Mama, ukiacha kijiko, usiniulize kijiko,"
alisema Shanavas, wakala wetu, kwa Kiarabu chake cha haraka.
Mafuta robo tangi. Mtungi wa gesi nje.
Betri ichomolewe. Na ufunguo,
ufunguo uachwe.

Ufunguo ule sijampa hata dada yangu.
Nimempa mtu wa fulana ya njano, jina lake silijui;
akautia mfukoni pamoja na sigara zake.

Watu wanatuuliza: mnakwenda kudai shamba?
Kuna kaburi mnakwenda kulizuru?
Babu yangu yuko Tabora, amelala, hana deni na mtu,
na tukipita tutamsalimu.
Lakini sisi tunakwenda kutembea.
Miezi minne. Mombasa, Voi, Singida,
popote penye kivuli cha kuegesha na bomba la kujaza maji.
Nataka kukaanga yai mbele ya Ziwa Tanganyika
kwa kikaango changu mwenyewe,
kile chenye mpini uliolegea.
Wananitazama wakingoja sababu kubwa zaidi.
Sina.

Meli ikafungua mdomo wake wa nyuma.
Likapanda kwa kujikokota,
taa moja ya breki haiwaki
(niliisema taa ile tangu Rajabu),
likamezwa baina ya matingatinga na malori mapya
ambayo hakuna aliyewahi kuota ndoto ndani yake.
Mahfudh akapunga mkono.
Akaona nimemwona, akajifanya anakuna kichwa.

Mwendo wa saa mbili kurudi Al Khoudh, ndani ya gari la shemeji,
hakuna aliyesema.
Sebuleni rundo lilitungoja:
magodoro mawili membamba, birika, taa ya kichwani,
sahani za bati, kamba, kikaango.
Jikoni mna jiko la sahani nne, lakini tulichemsha chai
juu ya kijiko cha gesi, barazani, tumechuchumaa,
na mpita njia wa ghorofa ya juu akatuuliza kama umeme umekatika.

Usiku nikasikia kitanda kinalia.
Mahfudh ameinuka, macho bado yamefumba,
anapapasa hewa upande wake wa kulia,
chini chini, karibu na goti.
"Unatafuta nini?"
"Breki ya mkono."
Nje barabara kuu ilikuwa inanguruma.
"Nimeshaivuta," nikamwambia. "Lala."