Mkono wa Koti

Hakuitwa kocha. Neno hilo lilikuwa bado halijafika Harle Clough.
Aliitwa katibu, Bwana Enoch Sugden,
na kazi ya katibu ilikuwa kila kitu kisichokuwa mpira:
kukata tiketi za treni,
kuchora mistari kwa chokaa alfajiri, ukungu ukiifuta nyuma yake,
kumbembeleza mwenye baa atuachie chumba cha nyuma
wachezaji wabadilishie nguo baina ya mapipa
(yeye, mzee wa kanisa, asiyeonja hata tone).

Mimi bintiye nilifua jezi.
Mchezo naujua kwa madoa:
tope la ugenini lina masizi, haling'oki kwa maji baridi;
damu hii ni ya Tattersall, golikipa,
hudaka kwa uso mikono ikichelewa.

Mchana alihesabu marobota ya pamba kiwandani.
Usiku, mezani petu, alihesabu wanaume:
nani goti,
nani mkewe kajifungua,
nani kaandikiwa na klabu yenye fedha na hajasema.
"Ogden, shilingi tano, nauli."
Ogden aliishi nyumba ya pili kutoka uwanjani.
Kulipa wachezaji kulikatazwa wakati ule,
basi baba alidanganya
kwa mwandiko mzuri kuliko wote wilayani.

Fainali hakuitazama.
Alisimama nyuma ya jukwaa la mbao, uwanja kaupa kisogo,
akasikiliza.
Goli letu, alisema, huanzia chini,
viatu vya mti vikigonga ubao.
Goli lao halina sauti,
ila unasikia watu elfu tatu wakikumbuka kwamba wana njaa.
Siku ile aliisikia njaa mara nne.

Jumatatu ikaja barua. Mistari mitatu,
na jina wamelikosea: Sugdon.
Akalisahihisha kwa wino mwekundu,
akaibandika barua daftarini,
ukurasa wa Matumizi Mengineyo,
kisha akaniuliza kama jezi zimekauka.

Picha ya timu bado inaning'inia kwenye baa ile.
Kumi na mmoja, masharubu, mikono kifuani.
Ukingoni kabisa, fremu inapokata,
kuna mkono wa koti umeshika ndoo.
Wageni hudhani ni mtu wa maji.
Kifungo chake cha mwisho nilikishona mimi,
kwa uzi wa kijani.
Mweusi ulikuwa umekwisha.