Chokaa

Matingatinga yalikuja saa kumi alfajiri,
saa ambayo hata mbwa wa Kisiwani wamechoka kubweka.
Ilipogonga saa tatu, mtaa ulikuwa uwanja.
Nilisimama palipokuwa na jiko langu
nikaona reli, nikaona mabohari ya Viwandani,
nikaona maghorofa ya mjini yanavyomeremeta,
na nakiri, kwa aibu, nilistaajabu:
kumbe miaka kumi na tisa tulikaa karibu hivi
na kila kitu.

Walikuwa wametuwekea X nyekundu milangoni
kama mwalimu anavyosahihisha hesabu iliyokosewa.
Tulihesabu vibaya wapi, hawakusema.

Wiki ya pili akaja Masitsa,
yule aliyekuwa akituchorea vibao vya kinyozi,
vichwa vyenye panki, bei kando ya sikio.
Hakuleta rangi. Alileta magunia mawili ya chokaa
na mkebe wa kimbo aliotoboa kitako.
"Mama Kerubo, mlango wako ulikuwa wapi?"
Nikamwelekezea kwa mdomo, mikono ina sufuria.
Akamwaga mstari. Akaacha pengo.
Pengo ndilo mlango.

Kufikia adhuhuri tulikuwa hamsini nyuma yake,
kila mtu fundi, kila mtu shahidi:
kitanda kilikuwa huku, si huko;
hapa mtungi, hapa pazia la maua,
na nyuma ya pazia ndipo alipozaliwa Ndunge
usiku ule stima zilipopotea
tukammulikia mkunga kwa simu tatu.
Gatimu akadai futi mbili ambazo hakuwa nazo.
Odero akakataa katakata.
Ugomvi wao wa ukuta, uliomshinda chifu,
uliowashinda wachungaji wawili na mganga mmoja,
ukafufuka mzima juu ya ukuta usiokuwapo,
nasi tukacheka, tukacheka,
mpaka Odero akaketi chini, ndani ya chumba chake,
akalia.
Hatukuingia kumshika.
Mistari ilikuwa imemzunguka pande zote,
Masitsa alikuwa hajafika pa kuacha pengo.

Jioni kijana mmoja akarusha kamera yake juu
akatuonyesha picha kwenye kioo kidogo:
vyumba mia mbili na vichochoro vyake, vyeupe pe,
kama mifupa ya samaki kwenye sahani ya udongo.
Kwenye ramani ya jiji pale pameandikwa kiwanja kitupu.
Tulilazimika kubomolewa
ndipo tuchorwe.

Na kuna jambo sijui nilielezeje.
Hakuna aliyekanyaga mstari.
Watoto waliokuwa wakipenya kila upenyo wa mabati
sasa walipanga foleni kwenye mapengo.
Muuza maziwa alisimama nje ya hewa
akaita, "Hodi!"
na sauti, sijui ya nani, ikamjibu, "Karibu, pita."

Alhamisi tingatinga moja likarudi kuzoa kifusi.
Dereva wake kijana, kofia imeshushwa hadi nyusi.
Tulimtazama tu. Matusi tulikuwa tumeyamaliza.
Saa saba akazima mashine, akashuka,
akaenda kutafuta maji ya kunywa.
Angeweza kukata katikati, ni uwanja, nani angemzuia?
Akapinda penye kona ya Gatimu.
Akapinda tena kwa muuza makaa.
Hakutazama chini hata mara moja.
Alipofika nyumbani kwa mama Ndunge
akainamisha kichwa, kidogo tu,
akapita, akakiinua.

Pale palikuwa na kamba ya nguo.
Masitsa hakuichora.
Chokaa haiwezi kuchora kilichoning'inia.

Tukatazamana.
Mtu mmoja akafungua kinywa kumwita kwa jina,
kisha akakifunga.
Mawingu yalikuwa yakijikusanya upande wa Ngong,
na maji, nikakumbuka, yalikuwa kwangu,
ndani ya dumu la manjano, kushoto ukiingia.