Njia Fupi

Dundee, ghorofa ya tatu, kuna kabati
lenye hewa ya Buguruni mwezi wa Machi:
joto nyuzi arobaini, unyevu wa kulowesha chumvi.
Nje, mto Tay umejifunika ukungu hadi shingoni,
kina Eilidh wanaingia wakipuliza vidole.
Mimi nalifungua, nachungulia, nakawia.
"Unakagua nini, Tatu?"
Nakagua, nasema. Uso wangu umelowa.

Humo tunazeesha vipimo.
Wiki sita za kabati ni mwaka mzima
wa zahanati isiyo na jokofu.

Kipimo chenyewe ni kitu cha kudharauliwa:
ukanda wa karatasi, sentimita sita,
tone la damu huku, mstari kule.
Katikati tumeficha dhahabu,
dhahabu ya kweli, chembe ndogo mno
hata imesahau kuwa ya njano,
imekuwa nyekundu kama maji ya choya.
Kila chembe ina kingamwili mgongoni,
inapanda karatasi pamoja na damu
ikiuliza njia nzima: upo? upo?
Ikikikuta kirusi, inakikamata,
inakiburuta hadi mstarini.
Isipokikuta, inapita.
Dakika kumi na tano. Ndiyo kazi yote.
Ndiyo miaka minne.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi.
Hawakusema sentimita sita.
Namba thelathini na tatu ilikuwa na ukweli wa baridini tu;
ilipotoka kabatini ilikuwa imeharibika tabia.
Tuliipa damu safi, ikachora mstari.
Tukaipa maji ya bomba, ikachora.
Ruaridh akaidondoshea chai yake ya maziwa,
ikasema ndiyo, chai inaumwa.
Tulicheka mpaka mlinzi akachungulia.
Kisha Ruaridh akaandika daftarini: gundi, unyevu,
na hakuna aliyecheka tena.

Jina la ugonjwa nimewafundisha: kidingapopo.
Eilidh hulisema akipanda ngazi, silabi kwa hatua.
Wapo wanaodai dengi ya vitabuni ilitoka humo,
kwamba neno lilisafiri, tiba ikabaki bandarini.
Sijui. Najua tu kuwa mtaani kwetu
homa yoyote ni malaria mpaka ikatae kupona.
Shemeji Shomvi alimeza dozi siku tatu,
ya nne akachomwa sindano ya kutuliza viungo,
ya tano mswaki wake ukatoka mwekundu.
Hilo sijawaambia hapa.
Hapa nasema "mgonjwa mmoja".

Jana usiku, namba sitini na moja,
wiki sita kabatini.
Damu safi: kimya.
Maji ya bomba: kimya.
Chai ya Ruaridh, maana sasa ni mila: kimya.
Hujui utamu wa kimya
mpaka umeishi na kitu kinachoitikia kila jina.
Kisha damu yenye kirusi, kidogo, cha siku ya kwanza.
Dakika ya tisa. Ya kumi na mbili. Ya kumi na tano.
"Upo," akasema Eilidh.
"Haupo." Ruaridh akavua miwani, akaivaa.
Nikaupeleka ukanda dirishani
nikaona kitu kama alama ya ukucha kwenye mkate.
Wawili kwa mmoja, tungeweza kulala.

Nikazima taa za chumba.
Nikawasha tochi ya simu, chaji asilimia nane,
nikaishika kwa meno
kama atakavyoishika muuguzi umeme ukikatika,
mikono ina glavu, foleni inakohoa nyuma yake,
na mtoto wa mtu anasubiri aambiwe meza hiki, usimeze kile.
"Na yeye," nikasema nikiwa na simu mdomoni,
"atauona?"

Hawakunijibu.
Eilidh akafungua ukurasa mpya, akaandika 62.
Nikafungua kabati kupanga mikanda;
Buguruni ikatutokea usoni sote watatu,
na miwani ya Ruaridh ikaingia ukungu.