A Iliyokata Kona

Nilianza kivivu, nakiri.
Niliiambia mashine: nitengenezee ukurasa
wa duka la mabomba, Katuba, Lubumbashi.
Ikautema kabla chai yangu haijapoa:
zambarau ikiyeyuka kuwa buluu,
visanduku vitatu vya pembe za mviringo
vimepangwa kama watoto wa komunyo ya kwanza,
na juu yake vijana wenye meno meupe
wanaichekea kompyuta katika ofisi ya vioo.
"Tunafungua mustakabali wako," yalisema maandishi.

Mama Numbi alivaa miwani, akavua, akavaa tena.
"Hawa wanacheka nini?
Bomba lao limepasuka?"
Kisha taratibu, kama anayegonga bati kusikiliza tundu:
"Huu ukurasa nimeshauona.
Ni wa benki. Ni wa ile kliniki ya meno.
Ni wa mchungaji aliyekimbia na sadaka.
Mwanangu, umenivika sare
ya shule nisiyowahi kusoma."

Nikarudi na hasira, nikafanya kosa la pili.
Nikamwaga shaba kila mahali,
malakiti ya kijani ukingoni,
msalaba wa mababu, dohani la kiwanda,
vyote ambavyo mgeni hununua uwanja wa ndege.
Safari hii alicheka, na kicheko kiliuma zaidi.
"Mimi siuzi shaba. Nauza plastiki ya nusu inchi."
Hapo nikajua kuna mashine nyingine,
haina waya,
imekaa hapa, nyuma ya paji langu.

Siku nne nikakaa dukani juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Sikuchora. Nilitazama mikono.
Hakuna aliyekuja na jina la kitu.
Walikuja na kitu chenyewe, kimevunjika,
kimefungwa gazetini, kwenye leso,
mfukoni kikidondosha maji:
nati ya kutu, koki iliyopoteza kichwa.
Mama Numbi hakuuliza. Alipokea,
akakigeuza mara moja karibu na dirisha,
akazama gizani kwenye rafu
akarudi na ndugu yake mzima.

Na ule ukuta!
Marehemu Kalenga aliuandika bila rula,
kwa buluu ya lori na hamu kubwa,
M ya kwanza pana kama kitanda cha harusi,
akafika mwisho wa ukuta neno halijaisha.
MABOMB, ndivyo unavyosomeka uso wa duka.
A ikakata kona, ikaingia uchochoroni,
mwaka wa kumi na tisa huu imesimama huko peke yake.
Nikamsikia kijana akisema kwenye simu:
"Njoo, nipo kwenye A."
Si kwa Mama Numbi. Si dukani. Kwenye A.

Nikafuta yote.
Ukurasa mweupe wa chokaa, herufi za buluu ya lori,
kubwa mno, zinagonga ukingo wa simu,
na A haipo.
Kitufe kimoja tu, kizito kama kifuniko cha tangi:
NIONYESHE KILICHOVUNJIKA.
Hakuna picha ya kungojewa; umeme wetu
huondoka bila kuaga, na megabaiti
tunazinunua kama chumvi, kwa kijiko.
Ukivuta kidole kushoto, ukuta unageuka,
na hapo uchochoroni A inakusubiri,
chini yake namba ya simu.

Kazadi, msomi wa rangi na vipimo, alitikisa kichwa:
"Herufi imeanguka. Mteja atapotea."
Labda.
Mama Numbi mwenyewe bado ananung'unika:
buluu si ile, ya Kalenga ilikuwa na ukaidi.
Nimeichanganya mara kumi na moja, haiji.

Jana, saa nne usiku, mtaa giza,
picha ya kwanza iliingia kutoka Kipushi,
imetikisika, imepigwa kwa mwanga wa tochi:
kiwiko cha bomba, ufa, kidole gumba kikizuia maji.
Hakuna salamu. Hakuna jina.
Mama Numbi, kwa mazoea,
aliigeuza simu mara moja karibu na mshumaa,
akaanza kutafuta viatu vyake.